Mama Asema Hata Damu ya Mke Wangu Ina Ugomvi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mke wangu Nasambu alijifungua mtoto wa kiume, mnene, analia vizuri, lakini kesho yake tukaona vidoa vyekundu mwili mzima na alama kama za kufinywa, na mama yangu, Bilha, akasema Nasambu anamfinya mtoto, Nasambu akasema ni mama anayemshika kama kuku wa sokoni, mimi nikanyamaza, basi wote wawili wakanigeukia. Tukamkimbiza hospitali Kitale, na daktari akaeleza kwamba damu ya Nasambu ilitengeneza kinga, ni kama askari, wakavuka hadi kwa mtoto tumboni wakaharibu chembe zake za kugandisha damu, akamlaza, akamwongezea damu, sasa madoa yanafifia na ananyonya. Kosa langu ni kumweleza mama. "Si nilikuambia?" akasema. "Huyu msichana wa kule Cheptais hata damu yake ni ya kupigana." Anataka Nasambu arudi kwao, na Jumamosi amemwita mzee aje kumchanja mtoto chale, ati damu mbaya itoke. Nasambu amefunga sanduku. Mimi niko katikati, na hakuna anayenipikia chai.

Wepukhulu, Kimilili

Bwana Wepukhulu,

Pole kwa hofu mliyopata. Kwa chai sina pole, jiko unalijua lilipo.

Mzee wa chale asikanyage kwako. Mtoto ambaye damu yake haijaanza kuganda sawasawa, ukimgusa kwa wembe anaweza kufia mikononi mwenu. Hata tohara ingoje daktari aseme.

Halafu wewe ulisikia nusu ya maneno. Nimemuuliza daktari ninayemfahamu. Damu ya Nasambu iliziona chembe za mtoto kuwa ngeni kwa sababu mtoto alizirithi kwako. Wale askari walikuwa wanakutafuta wewe, bwana. Kama ni kurudisha mtu kwao, mama yako aanze na mwanawe. Lakini hapa hakuna mwenye kosa, na zile kinga zitaisha polepole mwilini mwa mtoto.

Nasambu akipata mimba nyingine, aende hospitali mapema, aeleze yaliyompata huyu, maana yanaweza kurudi kwa ukali zaidi. Asizalie nyumbani.

Sasa simama. Mama ni wako, kwa hiyo wewe ndiwe wa kumwambia, tena mbele ya mkeo: "Mama, Nasambu haendi popote." Usiongeze neno, usichekecheke. Atanuna wiki nzima. Mwache anune, mjukuu anapona.