Chai Ilipoa, Zahanati Ikabaki

Alhamisi. Jua limetuchoma kutwa, vumbi hadi kwenye kope. Nimechoka, lakini leo natembea kifua mbele.

Mimi ni diwani, muhula wa pili. Tangu uchaguzi, baraza letu halina chama chenye wingi. Mwenyekiti ni wa chama pinzani na chetu, kamati ya fedha tunaiongoza sisi, na hakuna anayepitisha kitu peke yake. Wengi wanaona ni balaa. Mimi naona madiwani wameanza kusoma makabrasha.

Muhula uliopita kila kitu kilimalizwa kwenye kikao cha chama kilichokuwa na wingi, jioni ya kuamkia baraza. Asubuhi ukumbini ni "ndiyooo" tu, tunatawanyika kabla chai haijaletwa.

Leo Mwenyekiti alirudia mazoea. Alisoma pendekezo la kuchukua fungu la zahanati ya kijiji chetu likakarabati paa la ukumbi. Hata hajamaliza kuuliza wanaoafiki, wenzake wakaitika "ndiyooo," naye akagonga rungu kwamba limepita.

Kuta za zahanati ile zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Mdogo wangu Nyamizi ni mjamzito, na akishikwa uchungu ni bodaboda hadi Tabora mjini, makorongo njia nzima.

Nikasimama.

"Mwongozo, Mwenyekiti. Tupige kura kwa mikono."

Kabla ya kura, Mzee Kapela wa chama chao akamgeukia mhandisi wa halmashauri. "Hili paa linavuja wapi? Mimi nakaa hapa masika yote, mbona sijawahi kulowa?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mhandisi alipekua karatasi zake. Tulipohesabiwa, Mzee Kapela alinyoosha mkono pamoja na sisi, na pendekezo likaanguka kwa mkono wake huo mmoja.

Nilimfuata kwenye chai, ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Shikamoo baba. Asante sana."

"Marahaba. Usinishukuru, mwanangu. Nimekukatalia mengi na nitakukatalia tena. Wewe lete hoja iliyoiva."

Nilicheka, ila maneno yake nimerudi nayo nyumbani. Nimefurahi, sifichi.

Jioni hii wakubwa wa chama changu wamepiga simu. Baraza lijalo kuna pendekezo letu la stendi mpya, wanataka wote tuseme ndiyo.

Nimewaambia bado sijalisoma.

Wamekata simu. Nami nimewasha taa, nimeanza ukurasa wa kwanza.