Nilizima albamu ya Tuncay

Nermin rafiki yangu, nimejifungia jikoni na sitaki kutoka.

Mwanangu Tuncay alikuwa anatusikilizisha albamu ya kwanza ya bendi yao, wenzake wote wa mtaa wa Kadıköy wamejaa sebuleni. Magitaa yakanguruma pamoja na saz, ile ala ya nyuzi ya Kituruki, kisha kimya, sauti ya mwanamume ikapanda peke yake, taratibu.

Nikainuka, nikazima spika. Nikawaambia, "Nyamazeni, adhana hiyo." Kaka yangu akazima na sigara.

Mpiga ngoma akainama kucheka. Tuncay akasema, "Mama, huyo ni mimi. Ni ule wimbo wa maombolezo wa bibi."

Nilimzima mwanangu mwenyewe, Nermin. Miaka sita anaimba chumba cha pili, kazi yangu kugonga ukuta anyamaze. Sauti yake siijui.

Nikamwomba airudie. Akafunga kompyuta polepole. "Inatoka Ijumaa, Mama. Utaisikia kama watu wengine."