Damu Yako Imekubali

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini presha imetulia na hao wanafunzi wako hawajaipandisha tena. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu.

Leo asubuhi nilikwenda kuchukua majibu. Daktari wetu, yule mama asiyecheka, alinieleza kwamba kipimo chao kinaweza kuona seli moja ya saratani kati ya laki moja. Wametafuta kwenye damu, wametafuta kwenye uboho wa mifupa, hawakuiona hata moja. Miaka miwili kamili tangu nipandikizwe uboho wako! Halafu akacheka, dada. Kumbe ana mwanya. Nilitoka mle nikiwapa mkono hata walinzi wa getini, na dukani nimewatolea watu kopi za bure mpaka wino ukaniishia.

Alisema pia kwamba kundi langu la damu sasa ni lako. Nikamjibu kwamba nilishalishuku hilo, maana siku hizi naamka alfajiri bila sababu, na mteja akileta barua naisahihisha kwanza ndipo niitoe kopi. Jirani yangu wa duka analalamika kwamba alizoea kukaa na fundi wa kopi, sasa anakaa na mwalimu mkuu.

Sasa kaa chini. Kuna jambo nimelibeba muda wote huu, na leo nalitua.

Unakumbuka nilipotoka wodini baada ya dawa za kwanza, ukahamia kwangu kuniuguza. Ulikwenda kunichukulia majibu ya jeni, ukaniambia kwamba saratani yangu ya damu ni ile nyepesi, inayosikia dawa. Nilikuamini. Ndiyo maana uliponitaka nikubali uboho wako, niligoma. Kama ugonjwa ni mwepesi, ya nini wewe mwenye presha ulazwe, na mimi niingie kwenye tiba ambayo yenyewe huua watu? Ulinibembeleza, ukalia, ukaninunia siku tatu, lakini sababu yenyewe hukuitaja. Nikaona ni ubishi wako wa kawaida.

Siku moja ukaja dukani kutoa kopi za kupeleka hospitali. Ulinifukuza nikalale chumba cha nyuma, ukaendesha mashine mwenyewe. Ukafanya kosa wanalofanya wateja wangu wote: ulichukua kopi, karatasi halisi ukaiacha chini ya kifuniko. Niliikuta jioni. Ilisema jeni moja, FLT3, imebadilika, na kwamba wagonjwa wa namna hiyo wakitibiwa kwa dawa peke yake, wengi wao ugonjwa huwarudia. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Niliogopa, dada. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Nikairudisha palepale. Asubuhi ulinifuata dukani mbio, unahema, ukauliza kama nimeona karatasi yako. Nikasema sijaona kitu, nikaaga kwamba naenda kununua maji ili upate nafasi ya kufunua mashine. Nilikuona kupitia dirisha ukiikumbatia. Mchana nikakuambia nimekubali uboho wako, nawe mpaka leo unajisifu kwamba ni machozi yako yaliyonilainisha.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa ukifua mashuka yangu huku unaimba. Nilijua ukigundua kwamba najua, utanyamaza, na tutabaki watu wawili tunaoogopa ndani ya nyumba moja. Mimi nilihitaji mmoja wetu aimbe.

Usijilaumu. Uongo wako ulitaka kuniua, lakini usahaulifu wako ukauwahi. Nimecheka mno njia nzima kurudi nyumbani, halafu nikalia kidogo, halafu nikaanza kukuandikia.

Kipimo kingine ni baada ya miezi sita. Omba ruhusa shuleni uje. Safari hii hutachukua majibu kwa niaba yangu. Tutaingia wote, tutakaa viti viwili mbele ya yule mama, na chochote atakachosema tutakisikia pamoja.

Mbusu mtoto wa mwisho, na shemeji mwambie namdai ugomvi wa mpira.

Mdogo wako anayekupenda,
Kopi