Redio Haikukosea Kiangazi Kizima

Kikula, Jadotville
26 Novemba 1961

Mpendwa dada yangu, yaya Hortense,

Pokea salamu za mdogo wako. Je, mgongo umepoa? Na shemeji Evariste, bado anakohoa? Sisi huku tuko hai. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana jingine la kushukuru silioni.

Tangu mapigano ya Septemba, mume wangu Symphorien hana kazi. Unga madukani ni wa kubahatisha. Tumaini letu lote lilikuwa shamba la mahindi, kule njia ya Kambove.

Unamjua shemeji yako kwa ubishi. Alisema kutazama mawingu ni mambo ya wazee. Mwaka huu angepanda kwa kufuata redio, ila kwanza angeipima. Basi tangu Juni kila asubuhi alisikiliza habari za hali ya hewa, na jioni akahakikisha kama walisema kweli. Redio ikisema jua, ni jua. Haikukosea hata siku moja. Majirani walichoka kusikia sifa za redio yake, na mimi, yaya, nilijivuna pamoja naye.

Oktoba redio ikasema mvua zimefika na hazitakatika. Ikanyesha kweli. Unajua desturi yetu ya kubakiza mbegu za kupanda mara ya pili. Symphorien akasema za nini, nami nikamfungulia gunia. Tukapanda zote. Mvua ikakatika, jua likarudi, mahindi yakaungua hata hayajafika magotini.

Jumapili iliyopita nilimkuta ameketi shambani. Nilikwenda nimejiandaa kumgombeza. Akasema bila kunitazama, "Mama Emérance, mu kiangazi hata mbuzi inajuaka kama mvua haiko."

Ugomvi ukaniishia. Majuto ni mjukuu. Miezi yote ile, hata mimi sikuliwaza hilo.

Leo redio imesema mvua, na inanyesha tangu asubuhi, mvua nzuri ya kupanda. Hatuna hata punje. Nimekata tamaa, yaya, sikufichi.

Ndiyo maana nakuomba umpokee binti yetu Emérance huko Kitwe. Mama Suzanne wa kanisani anavuka mpaka wiki ijayo, atamleta.

Nisalimie shemeji na shangazi Mélanie. Mungu awalinde, awape mvua kwa wakati wake.

Mtoto hatakuwa mzigo kwako, yaya. Amekwisha kuzoea kula kidogo.

Mdogo wako akupendaye,
Julie