Mistari ya Bustani Yako

Kwako mdogo wangu Kipara,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umeshiba, na unalala mahali pasipovuja. Sisi hapa hatujambo. Mguu wa Mama umepona, ila asubuhi za baridi bado unamsumbua. Saluni ipo palepale, kioo chenye ufa hakijabadilishwa, na ile draya ya nywele uliyosema inanguruma kama trekta bado inanguruma. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, mume wa mteja wetu mmoja. Anasema huko anakopita alipeleka tairi kuzibwa, akahudumiwa na kijana mwenye kipara kinachong'aa, anayepiga mluzi kazini na kuwatania wateja. Nilimwomba aupige huo mluzi niusikie. Akajaribu, ukatoka upepo mtupu, tukacheka sana. Kisha nikaingia ndani nikalia. Tangu uondoke hatujapata habari yako hata ya uongo, na hii ndiyo ya kwanza.

Nianze na bustani. Unakumbuka Mama alipoteguka kifundo cha mguu akawa hashuki kitandani, ukamwekea ule mchezo wa bustani kwenye simu yake, na wewe ukafungua bustani yako ukawa jirani yake. Mama aliyekuwa akisema michezo ya simu ni ya watu waliokosa kazi akawa hanywi chai kabla ya kumwagilia. Na sheria ya mchezo unaijua wewe kuliko mimi: mwenye bustani asipomwagilia kwa siku chache, majani yanageuka kijivu, na jirani anaweza kuchungulia tu juu ya ua. Hana ruhusa ya kushika ndoo ya mwenzake.

Halafu ikaja siku ile. Sitaki kuichimbua. Alichokuambia Mama mbele ya wateja, kwamba hufai hata kufagia nywele, kilinichoma hata mimi niliyekuwa nimesimama na kitana mkononi. Ulipaki begi lako, ukaiacha simu kitandani kwangu, ukasema aliyeinunua ni yeye na nisimwambie kama umeiacha. Sikumwambia. Yeye alidhani umeondoka nayo, ila umebadilisha namba.

Kwa siku kadhaa hakukutaja. Lakini kila asubuhi alifungua mchezo, akachungulia bustani yako, akafunga. Siku majani yako yalipoanza kufifia, alimsuka mteja upande mmoja mistari minene na upande wa pili myembamba, na hata hakuona mpaka mteja mwenyewe aliposhika kichwa. Mama huyuhuyu! Nikaingia chumbani, nikawasha simu yako, nikamwagilia. Kesho yake alikuwa anaimba huku akichambua nywele. Basi nikaendelea. Nikapanda, nikavuna, nikapanda tena, miaka yote hii. Nilikuwa najiambia ni kwa ajili yake, lakini na mimi nilipenda kuliona jina lako pale getini.

Juzijuzi redio ikatangaza kwamba hisa za ile kampuni ya michezo zimeporomoka. Mama alizima draya na mteja yumo ndani yake. Tangu siku hiyo akawa mtu wa habari za biashara. Ukimkuta anasuka huku anauliza soko limefungaje, utadhani ana ghorofa mjini. Akamkaba mwalimu wa biashara, yule mteja wetu wa Jumamosi, amweleze: bei ya hisa ikishuka, mchezaji naye aogope?

Mwalimu alimweleza vizuri tu. Alisema hisa ni mali ya wenye kampuni, na bei yake hupanda na kushuka kwa vile watu wanavyodhani kesho itakuwaje. Mchezaji hana chake pale, na mchezo hauzimiki kwa sababu bei imeshuka leo, kama vile saluni haifungwi kwa sababu jirani ameisema vibaya. Mama akashusha pumzi. Ila, akaongeza mwalimu, wenye hisa wakikasirika, wakubwa hutafuta cha kukata ili wawatulize, na huanza na vitu vidogo visivyoleta faida. Mama akamuuliza kama mchezo wetu ni mdogo au mkubwa. Mwalimu akasema swali hilo angeomba asilijibu wakati nusu ya kichwa chake bado haijasukwa.

Unamjua mama yako. Kwake biashara ikiyumba dawa ni wateja. Akaamua kuiokoa kampuni yeye mwenyewe. Kila aliyekaa kwenye kiti aliambiwa apakue mchezo kabla hajaguswa kichwa, na aliyekubali alipata punguzo. Mtaa mzima ukawa wakulima. Bibi harusi mmoja alipanda maharage huku anapakwa rangi ya kucha. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikamwambia watu wetu hawa ni tone tu, kampuni hata haitajua tumeongezeka. Akanijibu kwamba hata ndoo hujazwa na matone, niache ubishi nishike kitana. Wiki iliyofuata bustani zao zote zilikuwa kijivu, kasoro mbili, yake na yako.

Tangazo likaja kwenye simu zote, ile yako niliyoificha ikiwamo. Kampuni inapunguza matumizi, michezo ya zamani inazimwa, wanatushukuru kwa kuwa nao. Mwalimu alikuja mwenyewe kumpa Mama pole, amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja msibani. Mama alimshukuru, akamkaribisha kiti.

Siku ya mwisho ya mchezo alifunga saluni mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akaniita. Nilidhani anataka nimfute machozi. Akaniambia nikalete simu yako.

Nilijifanya sielewi. Hakukasirika. Alisema amejua tangu mavuno ya kwanza. Wewe, alisema, ulikuwa unapanda kama unavyovua shati, kila kitu kinaangukia kinapotaka. Ile bustani ghafla ikawa na mistari, na mistari yote ikikaribia mwisho inapinda kushoto. Kosa hilo amelipigia vidole vyangu tangu nilipoanza kushika kitana. Mkono wa mtu aliyemfundisha kusuka, alisema, hawezi kuusahau hata ukimwonyesha shambani.

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akashangaa, akaniuliza radhi ya nini. Hapo ndipo nilipoelewa, mdogo wangu, na natamani nisingeelewa. Mama alidhani wewe ndiye uliyenituma. Alidhani tunaongea, na kwamba uliniomba nikumwagilie ili yeye ajue u hai, kwa kuwa kumpigia simu bado huwezi. Hakuniuliza kwa sababu hakutaka kunibana katikati yenu. Alisema kilichompa usingizi miaka yote ni hicho: kama humtaki yeye, angalau una mimi.

Kwa kuwa bustani zinafungwa, akasema, sasa anaomba nikufikishie neno lake kwa mdomo. Nikuambie kwamba alikosea. Alitamka hivyohivyo, yeye ambaye hata akimuunguza mtu sikio husema sikio ndilo lililosogea. Kofia yako bado ipo kwenye msumari. Uje na kipara chako, hatakisema tena. Kisha akanitazama usoni, akaniuliza kama u mzima.

Nilisema, mzima.

Akauliza kama unakula vizuri. Nikasema anakula. Akatikisa kichwa, akamwagilia bustani yake, nami nikamwagilia yako, tumekaa bega kwa bega, mpaka skrini zote mbili zikawa nyeupe. Akafuta simu yake kwa kanga, akasema tufungue mlango, watu wanasubiri.

Sasa nakueleza ambalo sijamweleza yeye. Sijui kama u mzima. Sijawahi kujua. Kila asubuhi ananiuliza umesemaje, na mimi nimeshamjibu kwamba umefurahi, kwamba unamsubiri bosi akupe ruhusa. Jana ametoa godoro lako juani. Nilikuwa nalipiga vumbi huku natafuta la kumwambia kesho, maana maneno ya kumjibu yananiishia, na bustani ya kumwonyesha sina tena. Nimeumia, ndugu yangu. Nimekuwa nikikutunza kama mmea, kumbe nilikuwa nakumwagilia mahali usipokuwepo.

Njoo. Ukishindwa kuja, mpe dereva mstari mmoja kwa mkono wako, wenye yale maandishi yako mabaya. Hata ukiandika bado una hasira, nitambusu dereva.

Mwalimu wa biashara anakusalimu. Majirani wote wanakusalimu. Mama anakusalimu sana, na hizi ni zake kweli, sikuzitunga.

Na kama barua hii imefunguliwa na kijana mwingine mwenye kipara, basi ndugu, samahani kwa kukusumbua. Mrudishie dereva barua yangu. Tafadhali usinijibu kwa kunihurumia. Nimewahi kufanya hivyo, na najua mwisho wake.

Ni mimi dada yako,
wa mistari ya kushoto.