Wakesho na Picha ya Boga

Kiganjo, Thika

Dada yangu Mkawasi,

Hujambo huko milimani? Mguu wa mama umepoa? Sisi tunapumua. Mimi bado fundi wa boila, na nikienda likizo kiwanda kizima hunywa chai baridi, uliza yeyote.

Nimeona niandike, maana kwenye simu ulimi wangu hukimbia. Ni habari ya binti yako Wakesho na shule. Dada, si nzuri.

Nilimpeleka ile shule ya Ruiru niliyokusifia. Mwalimu akasema mtoto azoee kwanza, atapimwa wiki ijayo. Mimi nikajitutumua: "Huyu ni damu yetu! Mpime sasa hivi, utashangaa mwenyewe."

Kumbe kipimo ni kitabu cha picha. Mwalimu anataja neno, mtoto anaonyesha picha yake kwa kidole, basi, akili imejulikana. Neno la kwanza: boga. Wakesho akaficha mkono mgongoni. Si unajua kwetu boga halinyooshewi kidole, litaoza? Mwalimu akaweka alama ya kosa, akafungua ukurasa. Ikaja lifti, ikaja mashine ya kufulia, vitu asivyowahi kuviona huko milimani. Kufikia mbuzi, mtoto ameshaogopa, hakumgusa. Mbuzi, dada! Yeye anayejua mbuzi mwenye mimba kwa kumtazama tu!

"Maneno yake ni machache," mwalimu akasema. "Aanzie gredi ya pili."

Nikamweleza mambo ya boga. Akacheka. "Mzee, hilo ni boga la karatasi!"

"Na githeri je, unaonja punje moja ya mahindi, unasema maharagwe hayajaiva?"

"Tutampima tena muhula ukiisha."

Basi mtoto wa gredi ya nne ameketi na wadogo, magoti yanagonga meza. Laiti ningenyamaza.

Zamani nikimsimulia visa vyangu alikuwa ananikatiza: "Mjomba, huo ni uongo!" Jana nikamwambia nilibeba boila kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai. Akasema, "Ndiyo, mjomba."

"Wakesho, mbona leo hunikatizi?"

"Labda ni mimi sijui."

Niambie, dada: nimrudishe huko kwako, ama angoje apimwe tena? Nitafanya utakavyosema, bila maneno.

Nisalimie mama, na shemeji yangu, na shangazi wa kule bondeni.

Ni mimi ndugu yako,
Mwakio