Mume Wangu Anajua Namba Hii Moja Tu

Shangazi Maximilla, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kasulu, na nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaniona mjinga, maana mimi mwenyewe nimeshajiona mjinga na haijanisaidia kitu.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko, na nina mume anayeitwa Cadet, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, seremala, tuliyejuana naye nilipokuwa napeleka sare za kwaya kule kambini, tukapendana, na ndugu zangu waliposema mkimbizi hana kesho, baba yangu mzee Nduwayezu aliwanyamazisha, akasema sisi wenyewe tulitoka Burundi na godoro kichwani na leo tunaitwa raia, nani kati yenu anaijua kesho ya mtu? Basi tukafunga ndoa kanisani, tukaishi vizuri, Shangazi, sina hata neno moja baya la kumsema.

Mwaka jana wakati wa kuvuna maharage habari ikamfikia kwamba mama yake aliyebaki Fizi, kule Kongo, anaumwa sana na analiita jina lake, Cadet akakosa usingizi, akakosa kula, mwisho akauza simu yake apate nauli ya kuvuka ziwa. Asubuhi ya kuondoka alikaa kwenye benchi la wateja wangu akaniambia nimtajie namba yangu ya simu, akawa anaikariri kwa Kifaransa kama walivyofundishwa shuleni kwao, anakosea, tunacheka, anaanza upya, hadi ikamkaa kichwani yote, akasema, "Sasa hata wakinivua nguo njiani, hii hawanivui." Akaenda. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake.

Shangazi, sijui kama umewahi kumsubiri mtu kwa simu. Naiweka juu ya cherehani ili ikitetemeka niisikie hata nikiwa nakanyaga, naenda nayo kisimani, naenda nayo kanisani nimeifunga kwenye kitenge, na nikishona shati la mteja mwenye mabega kama yake najikuta nalichelewesha makusudi, nalitundika tu pale mbele yangu, mwenye shati akija nasema vifungo bado.

Sasa siku moja ikaita namba nisiyoijua, mwanaume akasema yuko Kigoma, anafanya biashara ya kuvuka ziwa, na amemwacha Cadet hospitali amezidiwa, hajalipiwa dawa, nitume pesa kwake naye atazifikisha. Nikamwambia mpigie aliye karibu naye, nisikie hata anavyopumua. Akasema, "Dada, mgonjwa amelala, unataka sauti au unataka apone?" Mawe, mama yangu we! Sikuwa na akiba, basi nikaingia mtandaoni kwenye ile mikopo inayotangazwa kuwa ni ya dakika tano, haina dhamana, haina mdhamini, nikabonyeza kubali, kubali, kila walichoniuliza nikakubali, wakaniingizia pesa pungufu ya ile niliyoomba na kunitaka nirudishe zaidi ndani ya wiki, nikazituma zote kwa yule mwanaume. Hadi leo namba yake haipatikani.

Wiki ikaisha sina kitu, nikakopa kwenye mtandao wa pili nilipe wa kwanza, nikakopa wa tatu nilipe wa pili, na huo wa tatu ndio ulionishinda. Wakachukua majina yote yaliyomo kwenye simu yangu, wakawatumia watu picha yangu na maneno kwamba mimi ni tapeli, ukimwona mwambie alipe. Ilifika kwa wanakwaya, ikafika kwa wateja. Mke wa mchungaji alikuja kibandani akasema kwa upole, "Mwanangu, sina haraka, ila nipe tu kile kitenge changu, nitakileta siku nyingine." Wenzake wakafuata, kila mmoja na kitambaa chake. Ikafika hadi kwa Mama Reine, shangazi yake Cadet aliyemlea kule kambini, na tangu hapo sijathubutu kwenda kumsalimia, nitamwambia nini?

Wananipigia mchana kutwa, kila mara kwa namba mpya. Wengine wenye madeni yao huacha simu iite. Mimi siwezi, Shangazi, kwa sababu Cadet naye akipiga atapiga kwa simu ya kuazima, kwa namba nisiyoijua. Kwa hiyo kila simu napokea, na kila nikipokea nasema, "Cadet?" na wao wameshalijua hilo jina. Juzi kijana mmoja wao alibadili sauti akasema, "Chérie, ni miye Cadet." Nilisimama na mkasi mkononi, machozi yakanitoka, nikamuuliza uko wapi mume wangu, umekula? Ndipo nikasikia wenzake wanacheka nyuma yake, akasema lipa deni la watu.

Dada yangu Vestina ananiambia, "Vunja hiyo laini, tupa chooni, sajili nyingine uanze maisha." Najua ananipenda. Lakini mume wangu anajua namba hii moja tu. Nikiivunja, siku akipata simu ya mtu huko aliko ataambiwa haipo, atafikiri nimemwacha. Nisipoivunja, hawa watu watanimaliza. Nishauri, Shangazi. Jina langu usilifiche, wao wameshalitangaza.

Immakulata, Kasulu.

*

Immakulata mwanangu, marahaba.

Barua yako niliisoma, nikachukua simu nikakupigia kwa namba uliyoiandika chini yake. Ulipokea kabla sijaiweka vizuri sikioni, ukasema, "Cadet?" Miaka yote nafanya kazi hii ya kutoa ushauri, na siku hiyo niliona aibu kwamba mimi si yule uliyekuwa unamtaka. Pole sana.

Nimeshakupa pole, sasa nikugombeze. Mtu mwenye simu mkononi aliye tayari kukuomba pesa hashindwi kukupa namba ya mtu aliye na mgonjwa. Ulilijua hilo, ndiyo maana ulimdai usikie hata pumzi. Alipokujibu kwa ukali ukaacha akili yako mlangoni ukamfuata. Aliyekuibia hakupitia umaskini wako, alipitia hamu yako ya kumsikia mumeo, na wale wa mikopo nao wamekula hapo hapo. Halafu ukazima moto kwa mafuta ya taa, mara ya pili na mara ya tatu! Mkopo wa kulipia mkopo ni marufuku kwako kuanzia leo, hata ukiitiwa wa bure.

Laini usivunje. Vestina anasema kwa upendo, lakini amekosea. Ukiitupa, deni litabaki na mumeo atapotea. Sajili laini ya pili, wape wateja wako hiyo, na hii ya zamani iache kwenye simu ya batani isiyo na intaneti, iwe ya kusubiria tu. Ikiita, pokea, nyamaza. Usitaje jina! Umewapa fimbo mwenyewe. Mwache anayepiga aanze. Mumeo ana jina analokuita mkiwa ndani, wale vijana hawalijui. Asiyekuita hivyo, kata, endelea kushona.

Ile mitandao ya mikopo ifute kwenye simu, lakini meseji zao na ile picha usifute. Nenda nazo polisi na mtu mzima wa kukusindikiza, ueleze kwamba umetukanwa na picha yako imesambazwa, na uulize kama hao waliokukopesha wana leseni ya Benki Kuu. Mkopeshaji ana haki ya kudai, hana haki ya kukuanika kwa wanakwaya. Pesa yao halisi uliyoipokea utalipa, kidogo kidogo, kwa makubaliano ya maandishi, kwa sababu wewe si tapeli. Na Jumapili mwombe mchungaji dakika chache, usimame mbele ya watu uyaseme haya uliyoniandikia mimi. Aibu iliyosemwa na mwenyewe haina mtu wa kuiuza. Mke wa mchungaji kitenge chake hajakipeleka kwa fundi mwingine, nakuhakikishia anatafuta njia ya kukirudisha.

La mwisho ndilo kubwa. Umekuwa ukimsubiri mumeo ukiwa umeinamia simu, wakati kule kambini kuna watu wa Msalaba Mwekundu ambao kazi yao ni kutafuta ndugu waliopotezana, hadi huko ng'ambo. Wanahitaji jina lake, la mama yake na la kijiji chao. Siwezi kukuahidi kwamba watampata. Huenda wakaja na habari usiyoitaka, na siku hiyo utalia, tutalia wote. Lakini utakuwa umemtafuta.

Jina la kijiji analijua Mama Reine. Siku ile nilipokupigia ukanipa namba yake ukisema mwenyewe huwezi kuongea naye, nilimpigia. Nikamwambia Immakulata anaona haya kuja kwa sababu ya ile meseji. Akacheka, mama wa watu, akasema, "Ile bintu ya deni sikuielewa hata. Mwambie huyo mtoto akuje. Na miye niko namungojea Cadet, naogopa kumungojea peke yangu."

Basi nenda. Panda gari la asubuhi la kwenda kambini, mpelekee chumvi na sabuni, usiende mikono mitupu.